Penseli ya baba: kutoka ensaiklopidia ya juzuu hadi kamusi elezo ya mtandaoni

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Kazi za watu zilinibana, na programu ya mteja mmoja ilikuwa ikininyima usingizi. Sasa nimepumua kidogo, kwa hiyo leo tuache habari za msimbo, tuzungumze habari za vitabu.

Juzi nilikuwa nyumbani kwa wazee. Nikaingia stoo kutafuta ngazi, nikakutana na sanduku la ensaiklopidia ya baba. Juzuu kumi na mbili, majalada mekundu, kurasa zimeanza kunuka ukungu. Baba aliinunua Nairobi mwaka 1986 kutoka kwa familia moja iliyokuwa ikihama. Ilikuwa ya mitumba, kama mashati yetu. Ilichapwa mwaka 1958, ila sisi watoto hatukuwa na habari ya kutazama mwaka. Kitabu ni kitabu. Tulinawa mikono kabla ya kukigusa.

Siku moja mwaka 1989 mwalimu wetu wa jiografia akauliza ni nchi gani iliyo magharibi ya Uganda, na mji wake mkuu unaitwaje. Nikainua mkono kwa nguvu zote, maana usiku uliopita nilikuwa nimesoma ramani. Nikajibu: Kongo ya Wabelgiji, na mji mkuu ni Léopoldville. Darasa zima likaangua kicheko. Wakati huo nchi hiyo iliitwa Zaire, na Léopoldville ilikuwa imebadilishwa jina kuwa Kinshasa tangu 1966. Kwa muhula mzima jina langu likawa Mbelgiji.

Nilifika nyumbani nikilia. Baba hakucheka. Alitoa juzuu ile, akafungua ukurasa, akachukua penseli na kuandika pembeni: "Huru, 30 Juni 1960." Kisha akatafuta Tanganyika, akaandika 9 Desemba 1961. Uganda, 9 Oktoba 1962. Kenya, 12 Desemba 1963. Alipomaliza akasema, "Sasa kimesahihishwa."

Nimekuwa nikiifikiria penseli ile tangu juzi. Baba alikuwa sahihi kuliko kitabu. Lakini usahihi wake ulibaki katika nyumba moja. Nakala nyingine zote za ensaiklopidia ile, popote zilipokuwa duniani, ziliendelea kuwafundisha watoto wengine habari ya Kongo ya Wabelgiji. Na hapo ndipo ulipo mjadala wote wa ensaiklopidia za kuchapwa na zile za mtandaoni. Watu hubishana ipi ina makosa machache. Mimi naona swali kubwa ni hili: kosa likishaonekana, nani anaruhusiwa kulisahihisha, na sahihisho lake linafika wapi?

Tuanze nyuma kidogo.

Ndoto ya zamani

Hamu ya kukusanya elimu yote mahali pamoja si ya juzi. Plinio wa Roma aliandika vitabu 37 vya habari za maumbile katika karne ya kwanza. China, mwaka 1403, mfalme Yongle aliamuru kazi kubwa kuliko hiyo. Wasomi zaidi ya 2,000 walikusanywa, na kufikia 1408 walikuwa wamemaliza juzuu 11,095. Ilibaki kuwa ensaiklopidia kubwa kuliko zote duniani kwa karibu miaka 600, mpaka Wikipedia ya Kiingereza ilipoipita mwaka 2007.

Lakini kazi ile iliandikwa kwa mkono, haikuchapwa. Nakala kamili ya pili ilitengenezwa katika karne ya 16, basi. Vita, moto na wizi vikafanya yake. Leo zimebaki juzuu karibu 400 tu. Sisi watengeneza programu tunalijua somo hili: data isiyo na nakala za kutosha ni data inayongoja kupotea.

Ufaransa, Denis Diderot na Jean d'Alembert walianza kutoa Encyclopédie yao mwaka 1751. Kufikia 1772 ilikuwa na juzuu 28, yaani 17 za maandishi na 11 za picha, zenye makala zipatazo 72,000. Walioandika ni zaidi ya watu 140. Kwa hiyo msidhani kuandika kwa ushirikiano kulianza na intaneti! Mmoja wao, Louis de Jaucourt, aliandika makala karibu 17,000 peke yake, akiwalipa makatibu kutoka mfukoni mwake. Kila nikiona mtu aliyehariri Wikipedia usiku kucha bila senti, namkumbuka huyu mzee.

Serikali haikufurahi. Mwaka 1752 juzuu mbili za kwanza zilipigwa marufuku, na mwaka 1759 kibali chote kikafutwa. Ila jambo lililomuumiza Diderot zaidi halikutoka serikalini. Mwaka 1764 aligundua kwamba mchapishaji wake mwenyewe, Le Breton, alikuwa akikata kwa siri maneno ambayo yangeweza kuleta matata. Diderot akishasoma na kuidhinisha kurasa za mwisho, Le Breton anachukua mkasi. Msomaji hakuwa na njia yoyote ya kujua kilichoondolewa. Liweke akilini hili, tutalirudia.

Kisha ikaja Britannica. Ilianzia Edinburgh, Uskoti, kati ya 1768 na 1771, ikitolewa vipande vipande kila wiki mpaka zikatimia juzuu tatu. Mhariri wake, William Smellie, alikuwa kijana wa miaka 28. Ukiitazama mipango yake utacheka: juzuu ya kwanza nzima ni A na B, ya pili ni C hadi L, na ya tatu ikabebeshwa M hadi Z. Mradi ulioanza kwa madaha ukamalizwa mbio mbio. Nimeandika programu za namna hiyo.

Heshima ya jalada gumu

Kufikia toleo la 11, la mwaka 1910 na 1911, Britannica ilikuwa na juzuu 29 na waandishi waliobobea. Mpaka leo kuna watu wanaolisifu kama kilele cha ensaiklopidia. Kwa lugha na upana, wana haki ya kulisifu. Lakini fungua makala yake kuhusu watu weusi. Imeandikwa kwa utulivu wa kisomi, na inadai kwamba akili ya mtu mweusi ni duni kuliko ya mzungu. Haikuwa kosa la chapa. Lilikuwa kosa la watu waliokaa mezani, na la wale ambao hawakualikwa kukaa.

Hapo ndipo napata shida na wanaosema kitabu kilichochapwa kinaaminika kwa sababu kimehaririwa na wataalamu. Ni kweli, mtaalamu ana thamani yake. Sitaki daktari aliyejifunza upasuaji kwa kubahatisha. Lakini wataalamu wote wakitoka upande mmoja wa dunia, kosa lao linavaa jalada gumu na kupewa heshima. Babu yangu, aliyekuwa hai wakati toleo lile likiuzwa, angelijibu vipi? Angetuma barua Uingereza?

Tena vitabu hivyo havikuwa vya kila mtu. Biashara ya Britannica ilitegemea wachuuzi wa mlango kwa mlango, wakiwauzia wazazi matumaini ya watoto wao kwa malipo ya kidogo kidogo. Mwaka 1990 seti 120,000 ziliuzwa Marekani, na hicho ndicho kilikuwa kilele. Mwaka 1993 Microsoft ikatoa Encarta kwenye diski moja unayoweza kuitia mfukoni. Britannica ikaanza kushuka. Mwaka 2012 ikatangaza kwamba haitachapa tena, baada ya miaka 244. Toleo la mwisho, la 2010, lilikuwa la juzuu 32 kwa dola 1,395. Na Encarta yenyewe? Ilifungwa mwaka 2009. Aliyemuua mzee aliuawa na mjukuu.

Ajali iliyoitwa wiki

Mjukuu huyo alizaliwa bila kupangwa. Mwaka 2000 Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha Nupedia, ensaiklopidia ya mtandaoni ya bure. Waliifuata njia ya vitabu: waandishi wasomi, na hatua saba za ukaguzi kabla makala haijatoka. Matokeo? Mpaka inafungwa mwaka 2003 ilikuwa na makala zaidi kidogo ya 20 zilizokamilika. Hesabu mwenyewe ingehitaji karne ngapi.

Wakati huo huo kulikuwa na kitu kiitwacho wiki. Ward Cunningham, mtengeneza programu wa Marekani, alikuwa amekianzisha mwaka 1995 ili wenzake waandike pamoja kuhusu mbinu za programu. Jina alilitoa katika lugha ya Hawaii, ambako "wiki wiki" ni haraka haraka. Ukurasa wowote, mtu yeyote anaweza kuubadilisha. Januari 2001 Sanger alisikia habari hiyo kutoka kwa rafiki yake mtengeneza programu. Tarehe 15 Januari 2001 Wikipedia ikafunguliwa, ikikusudiwa kuwa jiko la kupikia makala za Nupedia. Baada ya mwaka mmoja jiko lilikuwa na makala karibu 20,000, na sebule bado inangoja wageni.

Nilipomwonyesha baba Wikipedia kwa mara ya kwanza, nilimfungulia ukurasa wa Kongo kwa Kiswahili, nikamwonyesha kitufe cha kuhariri. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo kila mtu mwenye busara huuliza.

"Na nikiandika uongo?"

Uongo upo

Nilimjibu kwa kisa cha John Seigenthaler. Alikuwa mwandishi wa habari wa Marekani aliyeheshimika, na miaka ya 1960 mwanzoni aliwahi kuwa msaidizi wa Robert Kennedy. Mei 2005 mtu mmoja, kwa utani wa kazini, aliandika katika Wikipedia kwamba Seigenthaler aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John Kennedy na ya Robert mwenyewe. Uongo ule ulikaa pale miezi kama minne. Mzee wa watu akasoma habari zake mwenyewe, akaandika makala ya uchungu katika gazeti la USA Today. Desemba ile Wikipedia ya Kiingereza ikawazuia wasiojiandikisha kuanzisha makala mpya.

Mwezi huo huo wa Desemba 2005 jarida la Nature lilichapisha ulinganisho. Wataalamu walipewa makala 42 za sayansi kutoka Wikipedia na Britannica bila kuambiwa ipi ni ya nani. Walipata makosa kama manne kwa kila makala ya Wikipedia, na kama matatu kwa ya Britannica. Britannica ilipinga vikali namna utafiti ulivyofanywa. Wapenzi wa Wikipedia nao wakashangilia kana kwamba wameshinda, ilhali makosa manne ni mengi kuliko matatu.

Mimi nilichukua somo lingine. Makosa yaliyotajwa katika Wikipedia, watu waliyafuata na kuyarekebisha muda si mrefu. Mwenye juzuu 32 kabatini angefanya nini? Angetafuta penseli.

Kwa hiyo jibu langu kwa baba lilikuwa hili. Ukiandika uongo, unaweza kukaa. Lakini bofya hapa, palipoandikwa historia. Kila badiliko lililowahi kufanywa limehifadhiwa, na tarehe, na saa, na nani alilifanya. Unaweza kulirudisha nyuma. Bofya hapa penye majadiliano, uone watu wakigombana. Le Breton asingeweza kukata neno hata moja hapa bila mkasi wake kuonekana. Sisi wa programu huria tumeishi na wazo hili miaka mingi: usimwamini mwandishi kwa sababu ya cheo chake, weka kumbukumbu ya kila badiliko ili atakayetaka kukagua akague.

Baba alisoma ile historia kwa muda mrefu, miwani ikiwa imeshuka puani. Akasema, "Kwa hiyo kinachonilinda ni watu kutazama."

Ndiyo, baba. Na hapo ndipo penye mtego.

Sisi na Kiswahili chetu

Sijawahi kukuta ensaiklopidia kubwa ya jumla iliyochapwa kwa Kiswahili, mfano wa Britannica. Kamusi tunazo, na nzuri. Lakini seti ya juzuu ishirini za kueleza nyota, magonjwa, falme na injini kwa lugha yetu? Hesabu za biashara hazikuruhusu. Mchapishaji hawezi kulipa wataalamu mia kwa ajili ya wanunuzi ambao hawana dola 1,395. Kwetu sisi uchaguzi haukuwa kati ya kitabu na mtandao. Ulikuwa kati ya mtandao na kutokuwa na kitu.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, wakati mawasiliano yetu na dunia yalipita kwa setilaiti kwa bei ya kuumiza. Nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009, na ndipo watu wengi wakaweza kukaa mtandaoni bila kuhesabu dakika. Mwishoni mwa mwaka huo Google iliandaa shindano la wanafunzi wa vyuo vikuu, Kenya na Tanzania, kuandika makala za Kiswahili. Zawadi zilikuwepo, na makala zikaja kwa wingi. Lakini kuandika ukurasa ni siku moja, kuutunza ni miaka, na shindano halina zawadi ya kutunza. Leo makala ni zaidi ya 70,000. Si haba. Kiingereza kina zaidi ya milioni saba.

Lakini idadi isitudanganye. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya wenyeji wa Uskoti, ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya makala zilizoandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alikuwa akibadilisha maneno ya Kiingereza moja moja kwa kutazama kamusi. Hakuwa na nia mbaya. Aliandika kwa miaka, na hapakuwa na wenyeji wa kutosha kumwambia "kijana, hivi sivyo tusemavyo." Kitufe cha historia kilikuwepo. Macho ya kukisoma hayakuwepo.

Kuna mtego wa pili, na huu tuliuonja wenyewe. Machi 2010 kundi la Just A Band lilitoa video ya wimbo wa Ha-He, na Makmende akateka nchi nzima. Wakenya wakaandika makala yake katika Wikipedia ya Kiingereza. Ikafutwa. Wakaandika tena, ikafutwa. Wahariri wa mbali waliona ni upuuzi usio na ushahidi. Makala ilipata kukaa baada ya vyombo vikubwa vya habari vya Marekani kumtaja Makmende. Mtu mzima aliyekulia Nairobi miaka ya 1990 alimjua Makmende tangu akicheza mtaani, lakini ujuzi huo haukuwa na karatasi.

Maana ensaiklopidia ya mtandaoni, pamoja na uhuru wake wote, inakula kwenye meza ya vitabu. Kila dai linatakiwa kuonyesha limechapwa wapi. Ni kanuni nzuri, bila hiyo Seigenthaler angekuwa kila siku. Lakini kwa watu ambao historia yao imekaa vinywani mwa wazee, kanuni hiyo inawafungia mlango. Ndiyo maana sisemi vitabu vimepitwa. Mwalimu mstaafu anayechapa historia ya ukoo wake katika kijitabu cha kurasa 60 anaisaidia Wikipedia kuliko mtu anayebofya mara mia. Kitabu kina jina la mtu anayewajibika, kinasomeka stima zikipotea, na hakibadiliki usiku ukiwa umelala. Mtandao una penseli. Tunavihitaji vyote viwili.

Kwa nini naandika haya leo

Kwa sababu siku hizi wengi hawafungui kitabu wala Wikipedia. Wanaiuliza mashine yenye akili bandia, nayo inajibu kwa ufasaha. Kumbukeni kwamba mashine hizo zimefundishwa kwa maandishi ya mtandaoni, na Wikipedia imo. Lugha ikiwa na maandishi machache, kila ukurasa una uzito zaidi. Makala moja mbovu ya Kiswahili leo inaweza kuwa jibu la mashine kesho, safari hii bila kitufe cha historia na bila ukurasa wa majadiliano. Bila hata pembe ya kuandikia kwa penseli.

Nikifikiria hilo namwona mtoto mwingine, darasa lingine, ameinua mkono kwa nguvu zote.

Kabla sijarudi Nairobi nilimsomea baba makala ya Kiswahili kuhusu mmoja wa mito ya kwetu. Mistari mitatu tu. Alinisikiliza, akasema mto huo anaweza kuueleza mchana kutwa. Nikamwambia Wikipedia itauliza ameyasoma wapi. Akacheka, akaenda chumbani, akarudi na kitabu cha jiografia cha shule, kikuukuu, akafungua ukurasa wenye jedwali la mito. "Anza na haya yaliyochapwa," akasema. "Yangu tutayachapa."

Tukaongeza mistari minne, na jina la kitabu chini. Sasa ni zamu yako, msomaji. Tafuta makala ya Kiswahili ya jambo unalolijua vyema: ugonjwa wa ng'ombe, kata yenu, mashine unayoitengeneza kila siku. Soma. Ukikuta kosa, penseli unayo. Na usisahau kuandika ulikoyapata.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda na mteja akiridhika.